Je, Kumchunguza Fundi ni Kumdharau?



Kila mwaka masika yakiisha, kahawa ya Mbinga inapoanza kuvunwa na huku mwambaoni mwera unapoanza kuvuma, maneno ya ujenzi husikika kila mahali. Huyu amefyatua matofali akayachoma. Yule kuta zake zimesimama tangu mwaka juzi, zinangoja fedha. Mwingine amekwisha kununua mabati, ameyalaza chini ya kitanda asije akaibiwa. Wote wana swali moja: nani atapaua? Nasi twaulizwa swali hili mara nyingi baada ya Misa, pale nje chini ya mwembe, kana kwamba kanisa lina orodha ya mafundi waaminifu imefichwa katika sakristia. Hatuna orodha hiyo. Lakini jambo hili limekwisha kutuuma sisi wenyewe, na tangu siku ile tumelifikiri sana. Leo twapenda kulifikiri pamoja nanyi.

Yafaa tueleze kwanza kisa chetu, maana si haki kuwapa watu shauri huku tumeficha kovu.

Miaka kadhaa iliyopita sisi tuliokuwa katika kamati ya ujenzi tulijenga nyumba ya katekista katika kijiji kimoja cha mwambao. Kuta zilijengwa kwa mikono ya Wakristo wenyewe. Ilipofika kazi ya paa, walikuja mafundi wawili. Mmoja alitoka milimani, Mroma, hatukumjua, na bei yake ilikuwa kubwa. Wa pili alikuwa wetu: amebatizwa katika kisima cha kanisa letu, anaimba kwaya, na mama yake ni wa Umoja wa Akina Mama tangu sisi tukiwa vijana. Mzee mmoja akauliza, "Je, yuko aliyeona paa alilolipaua mwenyewe kijana huyu?" Kukawa kimya. Kisha mwingine akasema, "Jamani, mtoto wetu naye tumchunguze kama mwizi?" Tukaona haya, na swali la mzee likafia pale pale. Kazi tukampa kijana wetu. Na kwa kuwa alikuwa wetu, tukampunguzia bei, kisha tukampunguzia mara ya pili, tukisema kwamba hii ni kazi ya Mungu.

Mwezi wa Julai uliofuata mwera ulivuma siku tatu mfululizo, na usiku wa tatu nusu ya paa iliondoka. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia. Katekista na mke wake na watoto walikwenda kulala kwa jirani. Asubuhi tulikwenda kutazama, na ndipo kwa mara ya kwanza tukayaona mambo ambayo yalikuwa juu ya vichwa vyetu muda wote. Kenchi zilikuwa zimeketi tu juu ya ukuta, hazikufungwa na kitu. Mbao zilikuwa mbichi zilipopigiliwa, zilipokauka zikajipinda na kuing'oa misumari. Mabati yenyewe yalikuwa ya geji 32, membamba, yamechanika kuzunguka vichwa vya misumari kama karatasi.

Hasara ya mabati tuliweza kuihesabu. Hasara nyingine hatukuweza. Yule kijana aliacha kuja kanisani. Mama yake alikuja, lakini alihama mahali pake pa siku zote akawa anakaa nyuma karibu na mlango, na Misa ikiisha alikuwa wa kwanza kutoka.

Tulikasirika sana, na hasira yetu tuliiona kuwa ya haki. Lakini yule mzee aliyeuliza swali, ambaye angeweza kutucheka, alituuliza swali lingine. Alisema, "Ninyi mlimwamini huyu kijana, au mlikuwa mmeona haya kumwuliza?" Hatukuwa na jibu siku ile. Tumelitafuta tangu hapo, na haya ndiyo tuliyoyaona kufikia sasa.

Zamani swali la fundi mwaminifu halikuwa kubwa huku kwetu. Nyumba ya nyasi iliezekwa na majirani wote kwa siku moja au mbili. Mwenye nyumba alipika ugali na samaki, na pombe haikukosekana, Padre atusamehe. Hakuna aliyehitaji kuuliza nani mwaminifu, na si kwa sababu watu wa zamani walikuwa watakatifu. Kila mtu mzima alijua kuezeka, basi kazi mbaya ilionekana na wote papo hapo, na aliyefunga kamba vibaya alichekwa kabla hajashuka. Tena paa likivuja, nyasi zilikuwa porini, hazinunuliwi. Bati limeleta jambo geni. Mwenye nyumba anainunua kazi asiyoijua, kwa fedha ya mavuno ya miaka mingi ambayo hataipata tena upesi, kutoka kwa mtu anayejua asichokijua yeye. Hapo ndipo neno uaminifu linapoanza kuwa zito. Mtu hahitaji kumwamini jirani katika jambo ambalo macho yake mwenyewe yanatosha.

Tena kazi ya paa ina tabia yake. Kazi ya ukuta hubaki wazi, lakini bati likishapanda na dari ikishapigwa, nani atazitazama kenchi? Ndugu zetu Wamatengo wanaijua vema kazi ya namna hii. Katika kulima ngoro, wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari juu ya mteremko, kisha wanawake huyafunika kwa udongo na kufanya yale mashimo. Mpita njia huona matuta na maharage tu. Yale majani yaliyolazwa chini haonyeshwi mtu, nayo ndiyo yanayokirutubisha kilima na kuushika udongo usiende na mvua. Mtu akilaza majani machache kwa uvivu, shamba lake litapendeza kama la jirani, mpaka mwaka wa pili.

Au tuikumbuke meli ya Chauncy Maples, ambayo wazee wa mwambao huu waliijua kama wanavyolijua kanisa lenyewe. Iliundwa Glasgow, Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari, kwa mto na kwa vichwa vya wapagazi, ikaunganishwa tena kusini mwa ziwa na kushushwa majini mwaka 1901. Iliitwa kwa jina la Askofu aliyezama katika ziwa hili hili mwaka 1895, mashua yake ilipopinduliwa na dhoruba. Wale waliozitoboa sahani za chuma kule Glasgow hawakupata kuliona Ziwa Nyasa maisha yao yote, wala abiria wa Liuli hakupata kuwaona wao. Hata hivyo abiria alilala usingizi juu ya kazi yao. Je, alikuwa mjinga? Hapana. Chombo cha namna ile kilikuwa kimepita katika macho ya watu wengi kabla ya kumfikia: wapimaji, manahodha, mafundi waliokiunganisha upya. Usingizi wa abiria ulitegemea kukagua kwa watu wengine.

Hapo tulianza kuona kosa letu. Sisi tulidhani ya kuwa kuamini na kuchunguza ni maadui wawili, ya kwamba anayeuliza haamini, na anayeamini haulizi. Kumbe iko imani moja tu ambayo haipandi ngazi kukagua, nayo ni ile tunayompa Mwenyezi Mungu. Sisi tulimpa fundi imani ya namna hiyo, kisha tukamkasirikia alipoonekana kuwa mwanadamu. Kijana yule hakutuomba imani hiyo. Alituomba kazi.

Yako maneno katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, ambayo twawaomba mwende kuyasoma nyumbani. Hekalu lilikuwa limebomoka. Fedha zilikuwa zimetolewa, na makuhani ndio waliopewa kazi ya kusimamia matengenezo, lakini hata mwaka wa 23 wa kutawala kwake mfalme Yoashi, hapakuwa palipotengenezwa. Ndipo Yehoyada kuhani akachukua kasha, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu. Fedha zilipokuwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu pamoja na kuzitia mifukoni. Baadaye kitabu chasema jambo la ajabu: wale wasimamizi wa kazi waliopokea fedha na kuwalipa maseremala na waashi hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walitenda kwa uaminifu.

Mara nyingi tumesikia mstari huo wa mwisho ukitajwa peke yake, na hasa na watu wasiopenda kuulizwa hesabu. Lakini tazameni unakuja baada ya nini. Unakuja baada ya miaka ya fedha kupotelea mikononi mwa watu watakatifu, baada ya tundu katika kasha, baada ya wawili kuhesabu pamoja. Hesabu ilifanyika mahali pake, mapema, na kwa wakubwa kwanza. Hao wasimamizi walijulikana kwa kazi. Haikuandikwa kwamba waliaminiwa kwa sababu mama zao walikuwa watu wa hekaluni.

Basi, mtu wa kawaida wa Lituhi au Mkali amjueje fundi kwa kazi? Twasema yale tuliyojifunza, tena kwa gharama.

Usitazame paa jipya. Paa jipya la kila fundi hung'aa. Tazama paa lililopita masika matatu na miera mitatu. Nenda kwa mwenye nyumba wakati fundi hayupo, ukae, unywe maji, uzungumze mambo mengine kwanza. Kisha uulize: lilipovuja, je, alirudi? Hatusemi kama lilivuja, mapaa huvuja. Fundi anayerudi bila kuvutwa, huyo umemwona. Wazee wa Kimatengo walikuwa na sengu yao, wanaume wa ukoo wakila pamoja na kuzungumza habari za kila nyumba. Mtu aliyefanya kazi mbovu hakuhitaji kushtakiwa, jina lake lilikwisha kupita kati ya vyungu. Leo kila mtu anakula kwake, kwa hiyo yabidi tutembee.

Muulize fundi mwenyewe swali hili: ni kazi gani ilikushinda, na ulifanyaje? Asemaye kwamba hakuna iliyopata kumshinda, ama ni kijana mno, ama hasemi kweli. Yule fundi wa milimani, tulipomrudia kwa aibu, alituambia bila kusita habari ya nyumba moja ambayo alipaua kwa mbao za mkaratusi zisizokauka kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na haraka ya arusi. Paa likapinda kama mgongo wa ngamia. Alisema, "Nilijua, nikaogopa kukosa kazi. Siku hizi nakataa." Maneno hayo yalitutuliza kuliko cheti chochote.

Cheti si kitu cha kudharau, tusieleweke vibaya. Vyuo vya VETA vimekuwapo tangu miaka ya 1990, na vijana wengi wamefundishwa huko kazi kwa vipimo. Makampuni ya ujenzi nayo yapaswa kuandikishwa katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Mwenye kujenga nyumba kubwa au shule na aulize usajili huo. Lakini wengi wetu tunapauliwa na fundi na saidia fundi wawili na ngazi moja. Cheti chaeleza kwamba mtu amefundishwa. Hakielezi atafanya nini wewe ukienda gulioni.

Kisha uijue kazi kidogo wewe mwenyewe. Si lazima uwe fundi. Ujue tu kwamba bati lina namba iendayo kinyume: geji 32 ni jembamba kuliko geji 30, na geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Wengi wetu tuliwahi kununua 32 tukifurahi kwamba namba ni kubwa, na mwenye duka hakuona haja ya kutuharibia furaha. Ujue kwamba upepo hausukumi paa chini, hulinyanyua. Hupita juu ukilivuta, na huingia chini ya baraza ukilisukuma. Wenzetu wa pwani ya bahari hupambana na chumvi inayokula bati. Ziwa letu ni la maji baridi, tumesalimika na chumvi, lakini ni refu zaidi ya kilometa 500, na mwera unaotoka kusini una nafasi ya kutosha kukusanya nguvu kabla ya kutufikia. Kwa hiyo kenchi lazima zifungwe kwenye ukuta kwa nondo au waya mnene uliotoka ndani ya lenta, na papi zifungwe vema kwenye kenchi. Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa wimbi, si bondeni yapitapo maji. Na bati la kwanza hulazwa upande ule upepo unakokwenda, ili midomo ya mabati isiutazame upepo. Ukiyajua haya manne au matano, waweza kusimama chini na kuuliza maswali ya heshima.

Tena uulize kwa wakati wake. Saa ya kutazama ni kenchi zikiwa wazi, kabla bati halijapanda. Kumkagua fundi siku hiyo ni kumsaidia. Kumkagua baada ya bati kupigiliwa ni kumtuhumu. Mwambie tangu siku ya mapatano: "Fundi, siku utakapomaliza kenchi nitapanda nitazame, na fedha ya sehemu hiyo utaipata pale pale." Mwandike karatasi mbili, kila mmoja akae na yake, mweke mashahidi. Mapatano ya mdomo pia ni mapatano mbele ya sheria, lakini mdomo husahau, na kwenda Mahakama ya Mwanzo kudai alichosahau mwenzako ni safari ndefu. Fundi mwema haudhiki kwa karatasi. Humlinda naye, maana wako wenye nyumba wasahaulifu kuliko mafundi.

Hapa twafika mahali panapotuchoma sisi tulio upande wa wenye nyumba. Tulipokaa kuhesabu upya, tuliona ya kuwa ile bei tuliyompunguzia kijana wetu mara mbili ilikuwa karibu sawa na gharama ya waya, misumari iliyokosekana, na siku za kungoja mbao zikauke. Hatukumwambia aache kufunga kenchi. Tulimwachia fedha ambayo kwayo asingeweza kuzifunga na bado akala. Alipaswa kukataa. Naam, alipaswa, na tunasema alikosa. Lakini je, sisi tulipolitumia jina la Mungu kupunguza ujira wa mtu, tulikuwa tukifanya nini? Yakobo katika waraka wake aliwaandikia matajiri juu ya ujira uliozuiliwa wa wavunaji, jinsi unavyolia. Sisi si matajiri, na hatukuzuia ujira. Tuliukata tu mapema, kwa tabasamu, kabla haujawa ujira. Twaona hilo ni werevu zaidi, si wema zaidi.

Namna nyingine ya ujanja yafaa itajwe. Fundi akikupeleka kwenye duka fulani kununua mabati, mara nyingi mwenye duka humpa cha juu. Mafundi wengi hawaoni kuwa ni wizi. Husema ni shukrani kwa kuleta mteja. Sisi twauliza swali moja tu: je, angekubali mwenye nyumba ajue? Ikiwa yaweza kusemwa mezani, na iwe sehemu ya mapatano. Lakini fundi ambaye cha juu chake ni kikubwa zaidi kwa geji 32 kuliko 28 atakushauri nini? Na yule aliyekatwa ujira, akitafuta kuuziba kwa cha juu, tutashangaa? Tangu barabara ya lami iliposhuka kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay mwanzoni mwa miaka ya 2020, mabati ya kila namna na kila rangi yamefika upesi, na rangi nzuri haiongezi unene wa bati.

Wa kale nao walilitafakari jambo la nani abebe lawama. Hamurabi, mfalme wa Babeli, yapata miaka 1750 kabla ya Kristo, aliweka sheria kwamba nyumba ikianguka ikamwua mwenye nyumba, fundi auawe; ikimwua mtoto wa mwenye nyumba, mtoto wa fundi auawe. Twaisoma tukitetemeka kwa ajili ya mtoto yule asiyejua hata kushika nyundo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, yenyewe yamwambia mwenye nyumba afanye ukingo kuzunguka paa lake, mtu asianguke, damu isije ikawa juu ya nyumba yake. Fundi hatajwi kabisa. Mwenye nyumba hawezi kusema, "Mimi niliajiri tu." Hatufikiri kwamba sheria ya pili yamwondolea fundi wajibu wake. Lakini tulipokuwa tumesimama chini ya paa lililoondoka, kila mmoja wetu alikuwa hakimu wa Babeli, na hakuna aliyekumbuka kwamba nyumba ile ilikuwa yetu.

Limebaki swali la ndugu, ambalo wengi hutuuliza kwa sauti ya chini. Mpwa wangu ni fundi. Nikimwita mgeni, shangazi yake hatasema nami mpaka Pasaka. Nifanye nini? Nasi hatuwezi kusema kwamba undugu si kitu. Tunaoishi huku twajua nani huja usiku mtu akiugua. Ila twaona kwamba kumpa ndugu kazi asiyoiweza si kumpenda. Ni kumpandisha juu ya ngazi ambayo tunajua itavunjika, kisha kumlaumu kwa kuanguka. Ikiwa mpwa bado hajui, yawezekana kumweka chini ya fundi ajuaye, alipwe kama saidia fundi, ajifunze katika nyumba ya mjomba wake. Ikiwa anajua, achunguzwe kama wengine na alipwe kama wengine. Lililo gumu kwetu ni hili la pili. Ndugu tunamchunguza kidogo kuliko mgeni, na tunamlipa kidogo kuliko mgeni, kisha tunayaita hayo mawili upendo.

Wengine watasema: hata mkiyafanya yote haya, mtu aweza kudanganywa. Ni kweli. Mjanja aliyejizoeza hupita katika maswali yote. Wala hatujui namna ya kuishi bila hatari hiyo, labda kurudi kulala pangoni. Lakini iko tofauti kati ya kudanganywa baada ya kutazama na kudanganywa kwa sababu ulifumba macho ukayaita mafumbo yako imani. Katika la kwanza waweza kumsamehe mwenzako. Katika la pili yakupasa uanze na wewe mwenyewe, na hiyo ni kazi ndefu zaidi.

Paa la katekista lilipauliwa tena na yule fundi wa milimani. Alipouliza kama tuna kijana wa kumsaidia, tulitazamana. Yule mzee ndiye aliyekwenda nyumbani kwa kijana wetu, jioni, peke yake. Hakutueleza walizungumza nini. Siku ya tatu ya kazi tulimwona yuko juu ya ukuta, anakaza waya kwenye kenchi, na fundi anamwonyesha mahali pa kuzungushia.

Mwaka jana mmoja wetu alitaka kupaua jiko lake, akamwita kijana yule yule, ambaye sasa si kijana sana. Alitaja bei, mwenye nyumba akauliza maswali mawili, akakubali. Waliandika karatasi mbili. Kenchi zilipokwisha kusimama, mwenye nyumba alipanda kuzitazama moja moja, akavuta kila waya kwa mkono wake, na fundi alikuwa chini, ameishika ngazi. Mama yake alikuwa amepita kuleta uji, akangoja pale mpaka wote wawili wakashuka kunywa.